La Kuvunda

Saa kumi na mbili kasorobo, Pongwe,
matuta yanafuka.
Si moto. Zimamoto nimeshawaeleza mara mbili.
Walikuja na king'ora na mpira wa maji,
wakanikuta juu ya tuta namba saba
na kipimajoto changu, ufito wa chuma mrefu kunipita,
nimekichomeka ubavuni mwake kama nesi.
Sitini na sita. Andika, Semboja, sitini na sita.
Sajini akatia mkono, akautoa upesi, akacheka:
"Hili lina homa."
Nikamwambia, homa yake ndiyo uzima wake.

Hapa huletwa kila ambacho mji umekikataa:
matawi ya mivinje ya Raskazoni, makuti, makumbi ya nazi,
majani ya mikungu yaliyofagiwa mbele ya maofisi,
maranda ya maseremala wa Ngamiani, bado yananukia mninga,
makapi ya mkonge, mabichi, maji yake makali
yanawasha mpaka kwenye kiwiko.
Chaga za vitanda. Mlango mmoja na komeo lake.
Mbao zenye rangi tunazitenga:
rangi haiozi, hujifanya tu imeoza.
Yaliyobaki Kibwana huulisha mtambo,
nao mtambo, tuliouita Mama Mkwe,
hautafuni kimyakimya.

Jumanne moja lori la manispaa likamwaga mwarobaini.
Nilikuwa na fomu mkononi. Unakotoka mzigo: Chuda,
upanuzi wa barabara.
Nikazunguka gogo kutafuta chuma, ndiyo kazi,
nikauona msumari.
Inchi sita, nusu umemezwa na gome.
Baba aliugongomea mwaka tuliponunua redio,
ili mama asikilize taarifa ya habari huku anakuna nazi.
Mti uliendelea kwenda juu, miaka thelathini;
msumari haukupanda nao.
Ulibaki pale pale, kimo cha mkono wa baba.

"Ng'oa," Kibwana akasema, "Mama Mkwe hali chuma."
Nusu saa na koleo. Gome lilikuwa limeufumba
kama nyama inavyofumba juu ya mwiba.
Ulipotoka ulilia kidogo, au ni koleo.
Nikatia saini: tani mbili na robo.
Fomu haina mahali pa kuandika kivuli.

Mama hakuipenda kazi hii toka mwanzo.
"La kuvunda halina ubani," alisema,
na kila Ijumaa akazifukiza nguo zangu udi
kana kwamba nimetoka kuosha maiti.
Sikubishana. Nilirudi kwenye matuta,
kugeuza, kunyeshea, kugeuza tena,
kukamata gao na kulikamua:
yatoke matone mawili, matatu, basi;
yakitiririka, limezama,
yasipotoka, lina kiu.
Ndani, ukungu mweupe ulikuwa unaufumua mti
uzi kwa uzi, bila haraka, kama mtu anayefumua sweta
ili asuke kitu kingine na hajasema nini.

Mwezi wa saba tuta likapoa.
Thelathini na moja. Nikapima tena, nikidhani kifaa kimeharibika.
Thelathini na moja: joto la mchana tu,
joto la mtu aliyemaliza kusema.
Tukalichekecha. Likatoka jeusi, jepesi,
halina jani, halina tawi, halina Chuda.
Magunia yote yalikuwa yameshalipiwa,
kitalu cha miche ya michungwa, Muheza.

Nilifunga gao moja kwenye gazeti
nikampelekea mama chumbani kwake, Makorora,
chumba cha kupanga, sakafu ya saruji mpaka mlangoni.
Macho yake siku hizi hayaoni mbali.
Akaliinua puani. Akakaa nalo.
"Kumenyesha huko?" akauliza.
Nikasema ndiyo, kidogo.

Msumari ninao. Umepinda shingo.
Kibwana kila siku ananiuliza nitautundikia nini,
nami kila siku namwambia
bado natafuta ukuta.